Studio haikumwimbia: dhana potofu kuhusu muziki wa laivu

Jumamosi iliyopita nilikuwa Njiro, hapa Arusha, kwenye ukumbi wa harusi, nimekaa nyuma ya miksa, mashine ya kuchanganya sauti. Kijana aliyealikwa kutumbuiza alikuwa kwenye wimbo wake wa pili, ule ambao vifodi, daladala ndogo za Arusha, vimeupiga mwaka mzima. Alipofika korasi akapanda, akaipitiliza noti, akashuka akiitafuta, akaikosa tena. Mama mmoja wa kamati akaniinamia sikioni: "Mwanangu, kumbe huyu haimbi. Kompyuta ya studio ndiyo inamwimbia."

Nina miaka 14 katika kazi ya ufundi wa mitambo ya muziki, kati ya Arusha na Moshi, na kauli hiyo nimeisikia kwenye harusi, kwenye mikutano ya injili, kwenye baa, kwenye mahafali. Siku ile sikumjibu yule mama kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Namjibu hapa, yeye na wengine wote, kwa sababu kauli hii inawaumiza vijana wenye sauti nzuri na inawaficha wanaohusika kweli na tatizo.

Dhana: "Studio inamwimbia, jukwaani ndipo anapoumbuka"

Studio inasaidia, hilo halina ubishi. Mstari mmoja unaweza kurekodiwa mara kumi, prodyuza akachagua ule uliokaa vizuri na kuupachika mahali pake. Sauti moja inarudiwa mara mbili, tatu, zikapangwa juu ya nyingine hadi korasi inajaa. Panaposhuka panainuliwa, panapopaa panashushwa. Na Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti, ipo. Aliyeibuni ni mhandisi wa Marekani, Andy Hildebrand, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi ya mitetemo ya ardhini katika kazi ya kutafuta mafuta. Iliingia sokoni mwaka 1997.

Lakini jueni inachofanya. Inachukua noti iliyopinda na kuivuta hadi kwenye noti iliyo karibu. Haijui wewe ulikusudia noti ipi. Ukikosea kwa mbali, inakuvuta kwenye noti isiyo yako, na kosa linakuwa kubwa kuliko mwanzo. Haikupi pumzi, haikutamkii maneno, haikufundishi wapi uvute na wapi uachie. Nimekaa kwenye studio za mtaani Sakina na Ngarenaro hadi usiku wa manane, nimeona asiyejua kuimba akinyooshwa na programu. Hatoki mwimbaji. Kinatoka kitu kinachofanana na king'ora. Kwa hiyo mtu ambaye wimbo wake unakugusa moyo redioni, kuna kitu chake mwenyewe humo ndani.

Sasa tofauti yenyewe iko wapi? Iko masikioni mwake.

Msanii akiwa studio amevaa hedifoni. Ukuta umevalishwa magodoro, hakuna mwangwi. Anajisikia kila anapovuta pumzi, anasikia biti, anasikia kinanda. Akiona sauti yake iko chini anamwambia prodyuza, "Niongeze mimi kidogo," na anaongezwa. Mwimbaji huimba kwa sikio kabla ya koo. Sikio likimpa taarifa, koo linajirekebisha lenyewe, kwa haraka kuliko anavyoweza kufikiri.

Mtoeni humo mkamweke Njiro. Spika kubwa ziko mbele yake, zimewageukia wageni, yeye yuko nyuma ya spika hizo. Ngoma ziko mita mbili kutoka kisogoni. Sakafu ni vigae, dari ni bati, madirisha ni vioo. Kinachomfikia yeye ni ngoma na besi, halafu sauti yake mwenyewe ikiwa imegonga ukuta wa mwisho na kurudi. Hesabu ni hii: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Ukumbi wenye urefu wa mita 34, kwenda na kurudi ni mita 68, yaani karibu moja ya tano ya sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Kijana anajisikia amechelewa karibu nusu ya pigo. Akiufuata mwangwi anaachwa na bendi. Akiifuata bendi hajisikii. Mkamhukumu kwamba hana masikio ya muziki!

Na asipojisikia hufanya jambo moja, bila hata kulikusudia: anapaza sauti. Daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba binadamu akizungukwa na kelele sauti yake hupanda yenyewe. Koo linakaza, noti zinavutika juu, pumzi zinakwisha katikati ya mstari. Kufikia wimbo wa tatu sauti imekwaruza. Mnaosikiliza mnasema hajui kuimba. Mimi ninayemtazama shingo naona mishipa imesimama, najua kabisa kwamba hajisikii.

Hili halimpati msanii chipukizi peke yake. Tarehe 15 Agosti 1965 bendi ya Uingereza, The Beatles, walipiga kwenye uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Hawakuwa na spika za kujisikilizia, na mayowe ya mashabiki yalizifunika ampilifaya zao. Mpiga ngoma wao, Ringo Starr, ameeleza kwamba ilibidi awatazame wenzake wanavyotikisa miili ili ajue wimbo umefika wapi. Mwaka uliofuata, 1966, waliacha kabisa ziara za matamasha, na mojawapo ya sababu ni hiyo ya kupiga muziki wasiousikia. Studio waliendelea kufanya kazi kubwa kuliko zote walizowahi kufanya. Nani atasema hawakujua kuimba?

Turudi Njiro. Kwenye orodha niliyoipeleka kwa kamati niliandika monita mbili, zile spika za chini zinazomtazama mwimbaji. Zilikatwa. Niliambiwa wageni hawazisikii, kwa hiyo hazina kazi. Wimbo wa pili ulipoisha na MC akashika maiki kutangaza zawadi, nilikwenda kwenye gari nikatoa spika yangu ndogo ya akiba, nikailaza sakafuni, nikainyanyua mbele kwa kipande cha tofali ili imtazame usoni, hatua mbili kutoka miguuni pake. Nikaingiza humo vitu viwili tu, sauti yake na kinanda. Besi sikuiweka, gitaa sikuliweka. Nikamwomba mpiga gitaa apunguze ampilifaya na aigeuze isimtazame mwenzake mgongoni. Kazi ya dakika sita.

Wimbo wa tatu aliuimba kama ulivyo redioni, na pale penye noti ya juu akaishikilia zaidi ya alivyorekodi. Koo ni lile lile. Aliposhuka alinijia akaniuliza, "Kaka, umeifanyaje maiki?" Maiki sikuigusa.

Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki, na wanaofanya kazi nami wameuchoka: monita kwanza. Bajeti ikibana, punguzeni taa, punguzeni moshi, punguzeni hata spika moja ya mbele, lakini monita msiikate. Na saundi cheki, yaani kujaribu mitambo kabla ya shoo, ifanyike saa kumi jioni ukumbi ukiwa wazi, siyo saa moja usiku bwana harusi akiwa mlangoni. Hata ikifanyika vizuri, tuvumilieni kwenye wimbo wa kwanza. Ukumbi mtupu unalia, na ukijaa watu 400 wenye suti na vitenge miili na nguo zinameza sauti, hasa zile kali za juu. Yale niliyoyapanga jioni lazima niyapange upya watu wakiwa wameketi.

Dhana: "Fundi, ongeza sauti!"

Nikiambiwa hivi usiku mmoja mara tano huwa nachoka kabisa. Ukiongeza nguvu ya mashine mara mbili, unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili watu wahisi muziki umekuwa mkubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Na ukumbi wenye mwangwi ukiuongezea sauti umeuongezea mwangwi. Maneno yanazidi kupotea, ngoma zinaingia kwenye maiki ya mwimbaji, na mwisho maiki inaanza kupiga mluzi. Mara nyingi dawa ni kupunguza kitu: gitaa likishuka kidogo, mwimbaji anasikika bila kuguswa. Mtu aliyekaa nyuma kabisa asiposikia maneno, spika ndogo iliyosogezwa karibu naye itamsaidia kuliko kubwa iliyoko mbele, maana uwanjani umbali ukiongezeka mara mbili sauti inapungua desibeli 6.

Dhana: "Maiki ikishikwa kichwani sauti inakuwa nzito"

Hii ni ya wasanii wa hip hop, na mji wetu una wengi na wazuri. Maiki ya kuimbia imetengenezwa isikie mbele na isisikie nyuma. Inafanya hivyo kwa matundu yaliyo nyuma ya kile kiwambo kinachopokea sauti. Ukikifunika kichwa kwa kiganja umeyaziba, maiki inaanza kusikia pande zote, pamoja na monita na spika. Inalia, na mistari uliyoiandika kwa wiki nzima inasikika kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Shika mpini, weka mdomo karibu. Basi.

Dhana: "Bendi za zamani walikuwa na vipaji, wa sasa wanategemea mashine"

Wazee wangu, nawaheshimu, na muziki wenyewe ndio ulionilea. Lakini mnalinganisha vitu viwili tofauti. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe kabla yake, zilikuwa bendi za ukumbini. Zilipiga usiku baada ya usiku mbele ya watu wanaocheza, wimbo ukapikwa hukohuko hadi ukaiva. Walipoingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam walipiga wote kwa pamoja, chumba kimoja, waimbaji na magitaa na tarumbeta. Rekodi ile ilikuwa picha ya jukwaa, ndiyo maana jukwaani walifanana nayo. Msanii wa leo anaanzia upande wa pili. Wimbo unazaliwa kwenye kompyuta, sauti ikiingizwa mstari kwa mstari, na pengine mara ya kwanza kuuimba wote bila kukatisha ni siku ya shoo. Mwenye kipaji yule yule akipewa bendi na miezi mitatu ya mazoezi, mtamsikia vingine. Hilo ndilo tunalopaswa kulidai kwa mapromota.

Dhana: "Anywe mayai mabichi kabla ya kupanda"

Hapana. Unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa. Yai haliwezi kuzipaka mafuta. Maji ya kutosha tangu asubuhi, usingizi, na kutopiga kelele kwenye gari njia nzima kutoka Moshi. Pombe kali ya kuondoa woga inaondoa na masikio.

Vyombo navyo vina mwili. Julai hapa Arusha, shoo ya uwanjani, gitaa lililopangwa saa tisa alasiri halitakuwa lile lile saa tatu usiku: nyuzi za chuma zikipata baridi zinajikaza na noti inapanda, zikikaa chini ya taa kali zinalegea. Ngoma ya ngozi ikinyonya unyevu wa masika sauti yake inashuka, ndiyo maana wapiga ngoma wetu huipasha moto kwanza. Anayepanga gitaa lake katikati ya nyimbo msimzomee.

Dhana: "Kwaya ikiimba laivu ipewe maiki nyingi, au iweke plebeki"

Naulizwa hili zaidi Moshi. Kanda imerekodiwa na waimbaji wanane waliorudiwa mara nne, halafu Jumapili wanasimama arobaini kanisani na walimu wanataka maiki kila mahali. Kila mnapozidisha idadi ya maiki zilizo wazi mara mbili, nafasi ya kuongeza sauti kabla maiki hazijaanza kupiga mluzi inapungua kama desibeli 3. Maiki nane zinalia mapema kuliko mbili. Na plebeki, yaani muziki uliorekodiwa, inawafunga: spidi ni ya studio, mwangwi ni wa kanisa, na hivyo viwili havikubaliani.

Mwalimu mmoja wa kwaya kule Majengo aliniita mwaka jana akiwa na tatizo hilo. Nilimwomba azime mitambo yote, tukafunga milango, wakaimba kwa midomo mitupu. Mara ya kwanza beti zilipandana, maneno yakawa uji. Akapunguza spidi kidogo, akawaacha wamalizie herufi za mwisho, wasubiri ukuta uwajibu ndipo waanze mstari unaofuata. Tulikaa pale hadi giza likaingia. Ndipo nikaweka maiki mbili mbele, mita moja na nusu kutoka mstari wa kwanza, na nyingine moja kwa ajili ya mwimbishaji.