Je, wajua kwa nini Lamu na Malindi kadhi yupo mpaka leo lakini liwali hayupo?

Jibu la harakaharaka ni kwamba liwali, yaani mtawala wa mji, alikuwa mtu wa Sultani wa Zanzibar, na Sultani alipouachia Mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya, liwali akaenda na maji, ila kadhi yeye aliwekewa barua. Lakini ukiishia hapo utakosa uhondo wote, maana katikati ya hizo ofisi mbili ndo kuna habari ya serikali ya kwanza iliyotutawala huku baada ya bendera nyekundu ya Sultani kushushwa, na hiyo serikali wengi hata hawaijui, muulize kijana yeyote wa Malindi rais wa Pwani mwaka 1963 alikuwa nani uone kama atakujibu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Mpaka Desemba 1963 Lamu, Malindi, Mombasa hadi kule Vanga kisheria hazikuwa koloni la Mwingereza, zilikuwa nchi ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walikaa wenyewe kwa wenyewe wakaamua Sultani abaki na ukanda wa maili 10 kutoka baharini kuingia bara, kuanzia huko karibu na Ruvuma hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, halafu Sultani Barghash akaletewa akubali. Upande wa kusini Mjerumani akaja akaununua moja kwa moja mwaka 1890 kwa mark milioni 4. Upande wetu haukuuzwa, ulikodishwa. Tarehe 14 Desemba 1895 Mwingereza aliweka mkataba na Sultani Hamed bin Thuwaini kwamba ataendesha serikali yeye na Sultani atalipwa paundi 17,000 kila mwaka, nchi ikibaki ya Sultani. Ndo maana ukiona makaratasi ya zamani yameandikwa Koloni na Himaya ya Kenya ujue koloni ni bara na himaya ndo sisi.

Sasa kwa mtu wa kawaida pale Lamu hii ilimaanisha nini? Ilimaanisha kuna DC Mzungu, yaani mkuu wa wilaya, halafu kuna liwali anayemwakilisha Sultani na kusikiliza kesi za watu, chini yake mudiri huko vijijini, na kando kuna kadhi wa ndoa, talaka na mirathi. Mshahara wao wote ulitoka kwa Mwingereza lakini heshima ilikuwa ya Sultani, na bendera yake nyekundu isiyo na alama yoyote ilipepea juu ya ngome ya Fort Jesus kule Mombasa miaka yote hiyo.

Uhuru ulipokaribia swali likawa huu ukanda unakwenda wapi. Kuna waliotaka Mwambao ujitawale wenyewe au urudi kwa Zanzibar, na kuna Wamijikenda wengi ambao hawakutaka hata kusikia, maana kwao ilikuwa ni kurudishwa chini ya mabwana wa mashamba, na mtu akikumbuka kwamba Malindi ilifufuliwa mwaka 1861 chini ya Sultani Majid kwa mashamba yaliyolimwa na watumwa basi ataelewa hofu hiyo ilitoka wapi. Mimi siwezi kumlaumu yeyote kati yao, kila mmoja alikuwa analinda kitu chake. Mwingereza akamtuma Sir James Robertson mwaka 1961 aje asikilize watu, na ripoti yake ikasema ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru ila Waislamu wa pwani wapewe dhamana.

Dhamana yenyewe ndo hiyo barua. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana. Kenyatta akaahidi mambo kadhaa, kwamba watu wataabudu kwa uhuru, mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi yatalindwa daima kwenye mambo ya Waislamu ya ndoa na mirathi, watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kadri itakavyowezekana, sehemu zenye Waislamu wengi maafisa wa utawala wawe Waislamu kadri itakavyowezekana, na hati za ardhi zilizosajiliwa zitatambuliwa. Siku 3 baadaye, tarehe 8, mkataba ukatiwa saini London kwamba siku Kenya itakapopata uhuru ukanda hautakuwa tena sehemu ya milki ya Sultani, utakuwa Kenya. Na hapa niseme wazi kwasababu naisikia sana hii kwenye mabaraza, ati pwani ilikodishwa kwa Kenya miaka 50 na mkataba uliisha 2013. Hapana jamani, mkataba wa 1963 hauna miaka 50 ndani yake wala miaka yoyote. Kilichokuwa cha kukodisha ni ule wa 1895, na wa 1963 ndo uliuvunja.

Kuna kitu hapa huwa kinanishangaza kila nikikifikiria. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Kenya tarehe 12. Kwahiyo kwa siku hizo mbili Lamu na Malindi kisheria zilikuwa za Sultani Jamshid bin Abdullah aliye huru kabisa, Sultani ambaye mwezi mmoja tu mbele, tarehe 12 Januari 1964, alipinduliwa akakimbia.

Haya, tarehe 12 imefika, nani anatawala? Nairobi kuna Kenyatta na chama chake cha KANU, lakini katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo, na huku kwetu kulikuwa na Jimbo la Pwani lenye bunge lake, wabunge waliochaguliwa Mei 1963, na rais wa jimbo Ronald Ngala, mwalimu kutoka upande wa Kaloleni na kiongozi wa chama cha KADU. Shule za msingi, afya, ardhi, serikali za mitaa, jimbo lilipewa neno lake kwenye hayo yote. PC, yaani mkuu wa mkoa, akaitwa Katibu wa Jimbo, DC akawa wakala wa serikali ya jimbo, kiti kilekile na meza ileile. Na juu ya hapo kulikuwa na Seneti ya viti 41, kila wilaya kiti kimoja, kwahiyo Lamu na udogo wake wote ilikuwa na seneta sawa na wilaya yenye watu mara kumi yake. Malindi haikupata kwasababu ilikuwa ndani ya Kilifi.

Kwenye mpango huo liwali hakuwa na pa kukaa. Alikuwa jicho la Sultani, Sultani hana nchi tena huku, basi cheo cha liwali na cha mudiri vikafutwa. Nadhani watu wa jimbo hawakuhuzunika sana kwa hilo, Ngala alitaka pwani nzima iwe kitu kimoja kuanzia Taita hadi Lamu, sio maili 10 za Waarabu na Waswahili peke yao.

Lakini jimbo lenyewe halikupewa nafasi. Serikali ya Nairobi haikuyapenda majimbo tangu mwanzo, ilichelewesha kukabidhi kazi na pesa, na kule London Oktoba ileile ya barua katiba ilikuwa tayari imeanza kupunguzwa makali. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akasimama bungeni akatangaza KADU imevunjwa na wanajiunga na KANU. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri na mamlaka ya majimbo yakaondoka, yaani mwaka mmoja kamili tangu Sultani aachie. PC na DC wakarudi na majina yao. Seneti ikafuata 1966, na Lamu ilikaa bila seneta mpaka 2013.

Sasa angalia ahadi za barua zilivyokwenda. Ile ya maafisa Waislamu ilibaki kwenye karatasi, haikuwa na sheria ya kuibeba. Ile ya hati za ardhi ilitekelezwa kweli, na ndo iliyoumiza watu, maana hati hizo zilitokana na sheria ya 1908 iliyotaka mtu aje na karatasi ya kudai shamba lake, na wasiokuwa na karatasi ardhi yao ikahesabiwa ya serikali. Familia zimezika babu na mababu hapo Malindi na Magarini na bado zinaitwa maskwota, yaani watu waliokaa kwenye ardhi isiyo yao. Ile ya kadhi iliingizwa ndani ya katiba yenyewe ya uhuru, na kila katiba ilipoandikwa upya ilihamishwa nayo, hadi hii ya 2010 kifungu cha 170. Ndo maana leo mama wa Lamu akigombea mirathi ya mumewe anaingia kwa kadhi, na kama wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa pale, kadhi anaamua na uamuzi wake ni wa mahakama ya Kenya.