"Ni ya Ukoo, Atakua Ataacha": Maswali na Majibu Kuhusu ADHD na Urithi

ADHD ni nini hasa?

Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutuliza mawazo, kukaa kitako au kujizuia, kupita wenzake wa umri ule. Si utundu wa wiki moja. Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, zinaonekana zaidi ya mahali pamoja, tuseme nyumbani na shuleni, na zinamkwamisha.

Ni kweli inarithiwa?

Kweli kabisa. Pacha wa yai moja hufanana kwa ADHD kuliko pacha wa mayai mawili, na tafiti za pacha zinaweka mchango wa urithi kwenye asilimia 74 hivi. Asilimia hiyo inaeleza tofauti baina ya watu wengi. Haina maana kwamba robo tatu ya tatizo la mwanao imetoka kwa baba yake. Kwa hiyo acheni kugombana ni ukoo wa nani.

Basi ni jeni (kinasaba) gani?

Hakuna moja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliolinganisha watu zaidi ya 38,000 wenye ADHD na zaidi ya 186,000 wasio nayo, ulipata sehemu 27 za vinasaba zinazohusika, na kila moja inaongeza hatari kidogo sana. Ndiyo maana hakuna kipimo cha mate wala damu cha kuthibitisha ADHD. Anayekuuzia kipimo hicho anachukua pesa yako bure.

Jeni hizo zinagusa nini kichwani?

Hazirithishi "utundu". Zinagusa uwezo mdogo mdogo wa akili. Wa kwanza ni kushika maagizo kichwani wakati unayatekeleza. Mwambie mtoto, "Vua viatu, nawa mikono, lete daftari." Dakika tano baadaye yupo uani, kiatu kimoja mkononi, anatazama sisimizi. Hakukudharau; agizo la pili na la tatu yamemponyoka. Wa pili ni breki: jibu linatoka kabla swali halijaisha. Wa tatu ni kasi isiyotabirika: kwenye kipimo cha kubonyeza kitufe, mara anajibu upesi, mara anachelewa sana, bila sababu inayoonekana.

Ndugu zake wasio na ADHD nao huweza kuonyesha udhaifu huohuo kwa kiasi kidogo. Hapo ndipo urithi unapojionyesha.

Baba yake alikuwa hivyohivyo na amekua. Si tusubiri?

Hapana, msisubiri. Swali hili ndilo linalotuletea kliniki watoto wa miaka 13 waliorudia madarasa na kuamini kwamba wao ni wajinga. Kuruka na kukimbiakimbia hupungua kweli kadiri umri unavyokwenda. Kusahau, kutomaliza kazi na kukurupuka hubaki kwa wengi. Na huyo baba "aliyekua", hebu muulizeni vizuri: aliacha shule darasa la ngapi? Amebadili kazi mara ngapi?

Lakini kama ni ya kuzaliwa nayo, tiba itafanya nini?

Macho yasiyoona mbali nayo hurithiwa, na hakuna anayemnyima mtoto miwani. Kurithiwa si kutotibika. Narudia: kurithiwa si kutotibika.

Mtoto wa chini ya miaka 6, tunaanza kwa kuwafundisha wazazi: agizo moja kwa wakati, ukimtazama usoni, sifa papo hapo, si jioni. Kuanzia miaka 6, shule inaingia, na ikihitajika dawa kama methilifenideti. Kabla ya dawa tunapima uzito, urefu, mapigo na shinikizo la damu, na tunauliza historia ya moyo katika familia. Dawa inaweza kupunguza hamu ya kula, ndiyo maana uzito tunaufuatilia.

Viboko je?

Havirefushi kumbukumbu. Vinamfundisha kuficha daftari. Tafadhali, basi.

Inaletwa na kula sukari?

Hapana.

Tukija kliniki tulete nini?

Maandishi ya wiki mbili: alifanya nini, wapi, saa ngapi. Mwalimu aandike ya kwake peke yake, bila kusoma yenu. Masikio na macho yapimwe, maana asiyesikia vizuri naye huonekana hatulii. Tutauliza na usingizi wake.

Na mzazi anayejiona humo?

Aseme siku hiyohiyo, bila aibu. Mzazi mwenye ADHD husahau tarehe za kliniki na dozi za asubuhi, kisha tunaambiwa dawa haifanyi kazi. Tukigundua anayo, naye apelekwe kutibiwa. Mpaka hapo, kengele ya simu ndiyo ishike ratiba ya dawa.