Wamewakimbilia, ndiyo. Lakini si kwa sababu mnayodhani

Kila ziara ya kituo cha kulelea watoto ikiisha, wageni wananiambia jambo lilelile: "Yaani wametupenda! Walituvamia hata hatujashuka kwenye gari." Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii muda wa kutosha, na siku hizi nalijibu hilo bila kutabasamu.

Mtoto wa miaka mitatu anayelelewa na watu walewale hamrukii mgeni. Anajificha nyuma ya mlezi wake, anachungulia, anawapima kwanza. Huyo ndiye mzima. Anayewapandia mapajani dakika ya kwanza na kuwaita mama, mara nyingi ni aliyebadilishiwa walezi hadi akaacha kuchagua. Mnachokiona upendo, sisi tunakiona njaa.

Huko Bucharest, Romania, watafiti walianza mwaka 2000 kufuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Nusu walipelekwa kwa familia za malezi, kwa bahati nasibu. Waliopata familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walishikamana na mlezi wao vizuri zaidi kuliko waliobaki. Kilichowajenga ni mtu yuleyule, leo, kesho na mtondo. Ninyi mnaondoka jioni. Mlezi wa zamu ndiye anayeulizwa usiku mtarudi lini. Kwa hiyo msiahidi kurudi kama hamrudi. Anayetaka kusaidia kweli nampa kazi ambayo haina picha nzuri: aje siku ileile kila wiki, afue, apike, atengeneze vitanda, ili mlezi apate saa mbili za kukaa chini na watoto wake. Wengi nikiwaambia hivyo hawapigi simu tena.

Wageni pia husema: "Wote ni yatima." Sivyo. Wengi wana mzazi aliye hai, au hata wote wawili. Umaskini, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani ndio uliowaleta. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kuwa umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Ulizeni kama kuna mtoto anayekosa nauli tu ya kwenda kwao likizo. Hiyo nauli ina maana kuliko keki.

Na mnaambiana: "Chochote mtakachopeleka ni afadhali." Njooni mwone stoo: midoli isiyo na kichwa, maziwa ya kopo yaliyokwisha muda, mabaki ya dawa za nyumbani. Mpigieni matroni kabla ya kununua. Atawatajia taulo za kike, chupi mpya, sabuni, bili ya maji. Ajabu, hakuna anayetaka kupiga picha na bili ya maji.

Na picha zenyewe: kuziba macho ya mtoto pichani hakumfichi mtoto ambaye sare na kibao cha getini vinaonekana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 16, unalinda faragha yake. Pigeni picha magunia.

Zawadi nazo msiwapange watoto foleni wapokee mmoja mmoja mikononi mwenu. Mkabidhini mlezi, yeye ndiye agawe, hata mkiwa mmeshaondoka.