Wimbo wa mwaka 1975 haukuwa wa Freddie

Juzi nimeisikia tena. Nimekaa barazani Shangani, Zanzibar, hatua chache kutoka makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, na kijana anayetembeza wageni anawaambia bila wasiwasi kwamba Bohemian Rhapsody, kibao chake na Queen, ndio uliokuwa wimbo wa mwaka 1975 Uingereza. Madereva wanasema hivyo, watangazaji wenzangu wanasema hivyo, na leo nimechoka kunyamaza. Nampenda Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, mtoto aliyezaliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946. Kwa nini tumvishe sifa isiyo yake, na zake mwenyewe zimejaa tele?

Kwa mauzo, wimbo wa mwaka ule ulikuwa Bye Bye Baby wa Bay City Rollers, wiki sita kileleni kati ya Machi na Aprili. Nyuma yake ulikuja Sailing wa Rod Stewart.

Chati ya wiki na chati ya mwaka ni vitu viwili, jamani. Kushika namba moja maana yake umeuza kuliko wenzako wiki ile, basi. Orodha ya mwaka inajumlisha. Bohemian Rhapsody ulipanda kileleni kwenye chati ya tarehe 29 Novemba 1975 ukakaa wiki tisa: tano za mwaka ule, nne za 1976. Kalenda imeukata kati. Ulivuka nakala milioni moja kufikia mwisho wa Januari, lakini sehemu ya mauzo hayo iliangukia mwaka mwingine. Wimbo wa Machi una miezi tisa ya kukusanya, wa Novemba una wiki chache. Jarida la Billboard la Marekani, linalotoa chati za huko, mpaka leo hufunga hesabu yake ya mwaka kabla Desemba haijaingia, na kila mwaka vibao vya mwisho wa mwaka huumia vivyo hivyo.

Na hesabu yenyewe ilifanywaje? Shirika la utafiti wa soko la BMRB lilianza kazi hiyo mwaka 1969 kwa maduka 250, yaliyochaguliwa kati ya 6,000 hivi. Muuzaji aliandika kila santuri iliyotoka, Jumamosi akifunga duka anatuma daftari kwa posta. Jumatatu takwimu zinatobolewa kwenye kadi za kompyuta, Jumanne mchana BBC inatangaza. Madaftari mengine hayakuwahi kufika.

Kinachoniudhi khasa ni watu kuisoma chati kama kipimo cha mapenzi. Chati ile ilihesabu fedha iliyopita dukani. Novemba hiyo hiyo ya 1975, namba moja ilishikwa na Space Oddity wa David Bowie, wimbo uliotoka mara ya kwanza mwaka 1969! Ulitolewa upya, ukanunuliwa, ukahesabiwa. Na Julai ya mwaka huo Bob Marley alirekodi No Woman, No Cry mbele ya watu pale ukumbi wa Lyceum, London. Mwaka ule chati ya Uingereza iliufikisha nafasi ya 22 tu. Hebu nenda Forodhani usiku uanze kuuimba, uone kama hutaitikiwa kabla hujamaliza mstari. Kisha jaribu Bye Bye Baby.

Nasema haya nikijua uzito wa kalamu, maana na mimi nimetengeneza orodha. Redio niliyoanzia kazi, nilikuwa na kaunta buku: kila simu ya kuomba wimbo, kijistari kimoja, cha tano nakilaza juu ya vinne. Mwaka mmoja niliambiwa nifunge hesabu tarehe 10 Desemba ili kipindi kirekodiwe mapema. Siku mbili baadaye ukatoka wimbo wa taarab uliopigwa kila harusi niliyohudhuria mwezi ule. Kwenye orodha yangu haumo. Januari nilifungua ukurasa mpya, na kufikia Desemba nyingine wapigaji simu walikuwa na mapya yao.

Halafu hao wapigaji simu. Sauti zao nilizijua, karibu kumi zilezile, wanaume wa baraza moja wenye vocha. Kinamama waliosikiliza jikoni huku wanakuna nazi hawakupiga. Mpaka leo sijapata njia ya kuniridhisha ya kuwahesabu, na orodha niliyoisoma hewani kwa sauti kubwa ilikuwa na pengo hilo kila mwaka.

Kwa hiyo, mwanangu wa Shangani, wageni waambie hivi. Wimbo wa Freddie uliondoshwa kileleni Januari 1976 na ABBA, kwa Mamma Mia, maneno ambayo yeye mwenyewe anayaimba mle ndani. Alipofariki tarehe 24 Novemba 1991, ukatolewa tena, ukarudi namba moja kwa wiki tano, Krismasi ya pili kileleni baada ya ile ya 1975. Wiki 14 jumla, na hakuna orodha ya mwaka mmoja inayoweza kuzibeba.