Ugiligili si kimiminika

Kila nikisoma maelezo ya CFD (computational fluid dynamics) kwa Kiswahili nakutana na tafsiri ileile: "ukokotoaji wa mienendo ya vimiminika". Hapo kwenye "vimiminika" ndipo ninapokwama.

CFD ni kutumia kompyuta kukadiria jinsi ugiligili, yaani kimiminika au gesi, unavyotiririka. Nafasi inayochunguzwa, tuseme ya ndani ya nozeli ya roketi (mdomo wa nyuma unaotoa gesi ya moto), hugawanywa visehemu vidogo, mara nyingi mamilioni. Kompyuta hukokotoa shinikizo, kasi na jotoridi la kila kisehemu kwa milinganyo ya Navier na Stokes, ambayo ni ya karne ya 19. Mhandisi anaweza kujaribu maumbo mengi ya nozeli kabla chuma hakijakatwa. Majaribio ya kuwasha injini yenyewe bado yanahitajika.

Sasa hilo neno. Kimiminika kimezaliwa na kitenzi "mimina": ni kile kinachomiminika, kama maji au mafuta. Ukikitia chomboni kinakaa chini na juu kina uso. Gesi haimiminiki hivyo, hujaa chombo chote. Ugiligili ni neno pana: chochote kinachotiririka badala ya kushikilia umbo lake, kiwe kimiminika au gesi. Hata neno la Kiingereza lililo ndani ya kifupisho CFD linatoka kwenye Kilatini "fluere", yaani kutiririka, na kutiririka hakubagui maji na hewa.

Ndani ya injini ya roketi tofauti hii ina uzito mkubwa. Oksijeni hukaa tangini ikiwa kimiminika chenye nyuzi kama -183 za Selsiasi. Katika injini ya RS-25, iliyotumika kurusha Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, inaingia kwenye chumba cha mwako chenye shinikizo takriban mara 200 ya lile la angahewa. Lakini oksijeni ikishapita shinikizo la mara 50 hivi ya lile la angahewa, haichemki tena hata ukiipasha joto. Hakuna mapovu. Ikivuka nyuzi -119 hivi, hakuna tena mpaka wa kusema huku ni kimiminika na kule ni gesi. Msongamano wake unapungua tu kadiri joto linavyopanda. Utaiitaje hapo? Ugiligili, basi. Mhandisi akiiambia programu ya CFD kwamba injekta, kifaa kinachoingiza oksijeni na mafuta kwenye chumba cha mwako, inanyunyiza matone, wakati uso wa matone umeshatoweka, atapata picha yenye rangi za kuvutia na mchanganyiko usio sahihi wa mafuta na oksijeni.

Najua "ugiligili" ni neno ambalo wengi wamelisikia zaidi hospitalini kuliko kwenye uhandisi. Likikuwia gumu, andika "ukokotoaji wa mitiririko", nitakuelewa bila shida. "Kimiminika" tuiachie oksijeni ingali tangini.