Elimu kwa umma: Ununuzi wa risasi na makombora hauishii bandarini

Tangu Februari 2022, vita ya Ukraine imewaonyesha maofisa ugavi wa majeshi kwamba makombora ya mizinga ya milimita 155 huisha upesi kuliko viwanda vinavyoweza kuyatengeneza. Basi kila anayezungumzia vita zijazo anasema tununue zaidi. Kwetu tunaofundisha ununuzi na ugavi hapa Arusha, swali la kwanza ni hili: mzigo huo utakaa ghalani miaka mingapi ukiwa bado salama?

Baruti inayosukuma risasi ina nitroselulosi, ambayo huoza yenyewe taratibu hata ikifungwa vizuri. Kiwandani huchanganywa na dawa ya kuituliza, na dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka. Ikiisha, kuoza huzalisha joto, joto huchochea kuoza, na baruti inaweza kuwaka bila kuguswa. Joto likipanda nyuzi 10 tu, kasi huongezeka takriban mara mbili, pengine zaidi. Kreti zilizoachwa ndani ya kontena la bati, kwenye jua la tambarare za Moshi, huzeeka mapema mno kuliko zilizo kwenye ghala lenye kivuli na hewa.

Vigezo vya zabuni hukosewa hapo. Huandikwa aina, idadi na bei, ikasahaulika tarehe ya kutengenezwa. Mzabuni akileta shehena iliyokaa miaka mingi kwingine, masanduku yamepakwa rangi mpya, mkataba haumbani. Daini tarehe ya kila bechi (kundi lililotengenezwa pamoja), hati ya kipimo cha dawa ya kutuliza, na sampuli za ziada za kupima miaka ijayo. Mzigo uje kwa awamu, usichakae wote kwa mpigo. Bechi zisichanganywe ghalani: moja ikifeli kipimo na hujui ilipo, unalazimika kusimamisha ghala zima. Gharama ya kuteketeza zilizokwisha muda iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kipengele hiki ndicho rahisi kukatwa, na kukikata ni kuhatarisha maisha ya watu. Milipuko ya maghala ya jeshi jijini Dar es Salaam, kule Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, iliua raia majumbani mwao.

Zabuni za ulinzi zina usiri wake, na ni haki. Lakini usiri haumzuii mjumbe wa kamati ya ukaguzi na mapokezi kufungua sanduku. Alinganishe namba ya bechi iliyo kwenye kombora, kwenye sanduku na kwenye hati. Zikipishana hata tarakimu moja, asitie saini.