Magari ya umeme yanaongezeka, mbona bei ya kobalti ilianguka?

Dhana: Dunia ikihitaji kitu kwa wingi, aliyewekeza humo hawezi kupata hasara.

Mwaka 2018 magari ya umeme yaliyouzwa duniani yalikuwa kama milioni 2. Mwaka 2022 yalipita milioni 10. Betri nyingi za magari hayo zilikuwa na kobalti, aina ya metali, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa Kolwezi na maeneo jirani. Hata hivyo tani moja ya kobalti, iliyopita dola 90,000 mapema 2018, ilikuwa chini ya dola 30,000 katikati ya 2019.

Wanunuzi walikuwepo. Kilichovuruga soko ni fedha zilizomiminika migodini bei ilipokuwa tamu. Huko Kongo, kampuni ya madini ya Katanga Mining ilirudi kazini Desemba 2017, nyingine ya Metalkol ikaanza uzalishaji mwishoni mwa 2018, na wachimbaji wadogo nao wakazidi kushuka mashimoni na sururu na tochi za kichwani. Mzigo wote huo ukafika sokoni karibu wakati mmoja. Huo ndio mzunguko wa mtaji: bei nzuri huvuta fedha, fedha huongeza bidhaa, bidhaa zikizidi bei huanguka. Na inaniuma kuona vijana wakihimizana kununua hisa za migodi kwa sababu tu “dunia inahamia kwenye umeme”, bila hata mmoja kuuliza ni migodi mingapi mingine inajengwa.

Dhana: Bei ikianguka, wazalishaji hupunguza na soko hujirekebisha.

Kuna wakati hupunguza kweli. Kampuni ya Uswisi ya Glencore ilisimamisha Mutanda huko Kongo, mgodi mkubwa wa kobalti kuliko yote duniani wakati huo, mwishoni mwa 2019, na kufikia 2022 bei ilikuwa imekaribia tena dola 80,000.

Awamu iliyofuata haikwenda hivyo. Kobalti ya Kongo hutoka kwenye mawe yaleyale ya shaba. Shaba ikilipa, mgodi unaendelea kuchimba hata kama kobalti haina bei. Kampuni ya China ya CMOC ilipanua mgodi wa Tenke Fungurume, ikafungua wa Kisanfu mwaka 2023, na kobalti ikafurika. Februari 2025 ilibidi serikali ya Kinshasa isimamishe usafirishaji nje kwa miezi minne. Ikaongeza muda, kisha Oktoba ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka nchini. Kwa hiyo anayepima mgodi wa kobalti aanze na bei ya shaba.

Dhana: Bei kubwa ni neema tupu kwa mwenye mgodi.

Bei kubwa humfundisha mteja kuishi bila wewe. Viwanda vya China viliendeleza betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata chembe, na Oktoba 2021 Tesla ilitangaza kuzitumia duniani kote kwenye magari yake ya masafa ya kawaida. Mteja wa aina hiyo harudi kirahisi bei ikishuka, kwa kuwa kiwanda cha betri hizo mpya kimeshajengwa na mkopo wake unalipwa.